Kama Mnamwacha, Mwambieni Mapema

Wasee, wacha niwarudishe Mei 28, 2023. Siku ya mwisho ya ligi, Man U na Fulham, Old Trafford. Fulham washatangulia bao moja, halafu wanapewa penalti. Mitrović anaweka mpira chini. Kwa kile kibanda cha mpira cha mtaani kwetu watu washaanza kushika vichwa, maana David de Gea na penalti tulikuwa tunajuana. Huyu ndiye kipa aliyepigiwa penalti 11 na Villarreal kwenye fainali ya Europa League 2021, zote 11 zikaingia, halafu ikafika zamu yake kupiga na akakosa.

Mitrović akapiga. De Gea akaruka, akaitoa.

Manze kibanda kililipuka. Man U wakageuza mechi, wakashinda 2-1. Anko wangu, ambaye anashabikia United tangu enzi za Cole na Yorke na huwa hanunulii mtu kitu, alinunulia soda majamaa wawili asiowajua. De Gea alimaliza msimu huo na Glavu ya Dhahabu, mechi 17 za ligi bila kufungwa bao. Tukaenda nyumbani tukiongea juu ya ile penalti.

Sasa shida ni hii. Hakuna mtu mmoja pale kibandani, na nadhani hata kule Old Trafford kwenyewe, aliyejua kwamba ametoka kuangalia mechi ya mwisho ya De Gea kwenye uwanja huo kama kipa wa United.

Wiki iliyofuata ikawa fainali ya FA, City wakatupiga 2-1, na Gündoğan akafunga la kwanza hata watu hawajakaa vizuri. Juni 30 kandarasi ya De Gea ikaisha. Kimya. Magazeti ya Uingereza yakaripoti kwamba alikuwa amekubali kushushwa mshahara, kisha klabu ikabadilisha nia. Julai 8, siku ya Jumamosi, bila mechi yoyote, jamaa akajiandikia mwenyewe kwaheri mtandaoni. Miaka 12, mechi 545, mechi 190 bila kufungwa, rekodi ya klabu. Yote yakaishia kwa posti ya simu.

Kabla hamjaniingilia kwa komenti: sisemi De Gea alifaa kubaki. Hapana. Ten Hag alitaka kipa wa kuanzisha mpira kwa miguu, na De Gea miguu ilikuwa inamkataa. Nilimwona mechi ya Brentford, Agosti 2022, ile ya 4-0. Nilimwona Sevilla. Kumwacha ulikuwa uamuzi ambao timu yoyote yenye akili ingeufikiria. Ninachokataa ni vile walivyomwacha. Naona timu nyingi zinachanganya haya mambo mawili, zinadhani ukiwa na haki ya kumwacha mtu basi unaweza kumwacha vyovyote.

Na tarehe ndiyo kila kitu hapa. Ukimwambia mchezaji mwezi wa nne kwamba hautaendelea naye, bado kuna mechi za nyumbani zimebaki. Mashabiki wananunua tiketi wakijua wanakuja kuona nini. Yeye anapanga familia yake. Mchezaji ambaye kandarasi inaisha mwisho wa msimu anaruhusiwa kuanza kuongea na timu za nje ya nchi tangu Januari, kwa hivyo kila mwezi anaoshikwa mkono na kuambiwa "ngoja kidogo, tunamalizia" ni mwezi wa nafasi zake unaoenda. De Gea alikaa msimu mzima wa 2023/24 bila timu. Kipa wa Glavu ya Dhahabu, nyumbani. Labda alikataa ofa ndogo, sawa, lakini ilipofika Julai timu kubwa nyingi zilikuwa zishapanga makipa wao.

Mbona klabu zinafanya hivi? Si eti ni wabaya tu. Ni hesabu. Kama unatafuta kipa mpya na kila mtu anajua wa zamani ashaondoka, muuzaji anakupandishia bei. Kwa hivyo unamweka mkongwe pembeni kama tairi ya spea hadi ile mpya ifike. Onana akatua Julai hiyo hiyo. Kuna pia uoga: ukitangaza mapema, chumba cha kubadilishia kinapata baridi, vijana wanaanza kujiuliza nani anafuata. Na kuna wale mabosi ambao kusema ukweli hawana nguvu ya kumtazama mtu machoni. Hiyo ya mwisho naamini inachangia kuliko wanavyokubali.

Lakini inawezekana kufanya vizuri bila kulegeza uamuzi. City, ambao siwapendi na mnajua, walimfanyia Agüero sawasawa. Machi 2021 walitangaza kwamba msimu ukiisha anaenda, na kwamba watamjengea sanamu nje ya uwanja. Alikuwa ameumia sana msimu huo, hata Guardiola alikuwa hamwanzishi. Hakuna aliyedanganywa kwamba bado ni namba moja. Ikafika Mei 23, mechi ya Everton, siku ambayo mashabiki walikuwa wameruhusiwa kurudi baada ya miezi ya Korona. Akaingia kipindi cha pili akafunga mabao mawili, akafikisha 184 ya ligi na kumpita Rooney kwa mabao ya Premier League kwa klabu moja. Watu walilia wakiwa wanacheka. Uamuzi ulikuwa baridi kabisa, wa biashara, na bado kila mtu alipata siku yake.

De Bruyne hivyo hivyo. Mwaka 2025 alisema wazi alishangaa kwamba hakupewa ofa. Inauma, lakini alijua, na sisi tukajua mwanzoni mwa Aprili. Mechi yake ya mwisho Etihad, dhidi ya Bournemouth, akapata bao la bure, goli wazi, akagonga mwamba. De Bruyne! Kila mtu akashika kichwa halafu akacheka. Hiyo kumbukumbu ya kijinga mashabiki wa City watakuwa nayo milele kwa sababu walijua wanaangalia nini.

Müller naye, Bayern, msimu uo huo. Aliandika kwamba hayo hayakuwa mapenzi yake, klabu ndiyo iliamua kutompa kandarasi mpya. Miaka 25 tangu aingie akiwa mtoto. Ungedhani pangechafuka. Lakini ilisemwa Aprili, na Mei akainua ngao ya Bundesliga mbele ya watu wake. Sidhani hasira zilimwisha hapo. Lakini aliagwa akiwa amesimama kwenye nyasi, na jezi mwilini.

Sasa linganisha na Casillas. Huyu vijana wadogo mnamjua kama yule mjomba wa vichekesho mtandaoni, lakini jamaa aliinua Kombe la Dunia 2010 akiwa nahodha wa Uhispania. Aliingia Real Madrid akiwa na miaka tisa, akakaa 25, mechi 725, Champions League tatu. Julai 12, 2015 akakaa peke yake mbele ya waandishi, peke yake kabisa, hakuna bosi pembeni, akasoma karatasi huku analia. Ile picha ikawaaibisha wakubwa hadi kesho yake wakaandaa hafla nyingine, rais wa klabu akaja, vikombe vikapangwa mezani. Siku moja mmechelewa, mabosi. Vikombe hivyo vilikuwa stoo siku zote.

Messi 2021 ni kesi tofauti kidogo, nakubali. Barcelona walikuwa wamezama kwenye madeni na sheria za mishahara za La Liga zikawafungia mlango, na yeye mwenyewe alikuwa anataka kubaki. Bado inaniuma kwamba mechi yake ya mwisho Camp Nou, dhidi ya Celta, ilichezwa uwanja mtupu kwa sababu ya Korona. Mabao 672, halafu viti vitupu. Hapo huwezi kulaumu mtu kwa viti. Kwa madeni, unaweza.

Na mafans wa Arsenal msinitoroke. Özil aliwapa pasi ya bao dhidi ya West Ham, Machi 2020, halafu hakuvaa tena hiyo jezi kwenye mechi. Oktoba akaachwa nje ya orodha ya wachezaji waliosajiliwa. Alikuwa analipwa pesa nyingi mno kwa kazi ndogo, najua, nimesikia hiyo hoja mara elfu kwa base. Lakini kuna watu mtaani walimpa mtoto wao jina la huyo jamaa. Mtoto anaitwa Mesut, yuko PP2 saa hii.

Hapa lazima nijiseme na mimi. Baada ya ile mechi ya Sevilla, Aprili 2023, nilitengeneza video ya De Gea. Sitaiweka tena hapa, niliifuta, lakini wengi wenu mliiona na mkaicheka. Ilikuwa na sauti ya kondakta anaita "shukia hapo". Ilipata watazamaji kuliko kitu chochote nilichokuwa nimefanya mwaka huo. Miezi mitatu baadaye ndiyo mimi huyo huyo naandika ati klabu haina heshima. Anko aliniangalia tu akaniuliza, "Kwani si ni wewe ulisema ashukie?" Sikuwa na jibu. Bado sina zuri. Nadhani kuna tofauti kati ya shabiki kusema kipa amechoka na klabu kumwacha kipa asijue kama ana kazi, lakini siwezi kujifanya kwamba kelele zetu hazifiki kwa hao mabosi. Zinafika. Wanazihesabu. Wakiona jina la mtu limeshachafuka mtandaoni, wanajua wanaweza kumtoa kupitia mlango wa nyuma na hakuna atakayeuliza.

Kuna wanaosema basi suluhisho ni huruma, muongezee mkongwe mwaka mmoja mmoja hadi achoke mwenyewe. Hapo siwafuati. Angalia Totti, Roma. Aprili 2016 alikuwa na vita na kocha Spalletti, halafu akaingia dakika za mwisho dhidi ya Torino na kufunga mawili, 3-2. Mji ukapata wazimu. Akaongezewa mwaka. Na huo mwaka ulikuwa mrefu, bana. Kila mechi kamera ziko kwa benchi, dakika tano hapa, hakuna pale, kocha anaulizwa swali lilelile kila wiki. Mei 28, 2017, siku ya kuagana, Totti akasoma barua na uwanja mzima ukalia, na Spalletti, aliyewamaliza nafasi ya pili na pointi 87, akazomewa. Kwaheri ilikuwa tamu sana, lakini njia ya kuifikia iliwachosha wote. Kumbe hata pale mapenzi yapo, mtu akikosa kuambiwa wazi "hii ndiyo nafasi yako sasa, na hii ndiyo tarehe," kila siku inakuwa kesi.

Na si kila mchezaji ni malaika. Ronaldo mwaka 2022 alienda kwa Piers Morgan akachoma nyumba na yeye akiwa ndani, kandarasi ikavunjwa kabla mwezi haujaisha. Mtu kama huyo hadai mechi ya kuagwa. Mmeachana, mmeachana.

Wale wa "mpira ni biashara" nawasikia pia. Ni biashara, sawa. Lakini biashara hiyo imeniuzia nini? Anko ana jezi ya kipa ya United, ya mtumba, aliichimbua Gikomba, jina la De Gea mgongoni. Hajawahi kufika Uingereza na sioni akifika. Anachopata yeye kwa pesa zake za king'amuzi na za kibanda, miaka yote hiyo, ni kuwepo wakati mambo yanatokea. Ukimwambia Jumapili hii ndiyo mwisho wa De Gea, anatoka kazini mapema, anavaa hiyo jezi, anakuja kukaa mbele. Mlimnyima hiyo tu. Haikuwa na gharama yoyote kwenu.

Sisi Wakenya haya mambo tunayajua kwa karibu. Wanyama alipokuwa Tottenham, ile Februari 2018 akapiga lile kombora pale Anfield, kila mtu hapa alikuwa shabiki wa Spurs kwa wiki moja. Miaka miwili baadaye alikuwa hachezi, na Machi 2020 akaenda zake Montreal katikati ya msimu. Sawa, Spurs hawakuwa na deni kubwa naye, hakuwa gwiji wao. Son alipoondoka 2025 akiwa na kombe la Europa League mkononi, mechi yake ya mwisho ilichezwa Seoul, nyumbani kwao, uwanja mzima unalia. Nilifurahi kwa ajili yake na nikaona wivu kidogo, maana nahodha wetu aliyetuongoza AFCON 2019 kule Misri, kuacha kwake Harambee Stars tulikusoma kwenye simu, Septemba 2021.

Ligi yetu ndiyo usiseme. Gor na Ingwe wote wawili washawahi kufungiwa usajili na FIFA kwa sababu ya madeni ya watu waliowatumikia wakaondoka bila kulipwa. Yaani hapa mtu haombi sanamu, anaomba mshahara wake wa mwisho. Kuna jirani yetu mmoja alicheza ligi kuu, timu siitaji. Beki, miaka sita, watoto wa mtaa walikuwa wanambebea begi. Unajua alijuaje kwamba ameachwa? Aliamka akakuta ametolewa kwenye grupu ya WhatsApp ya timu. Akadhani ni makosa, akampigia meneja, simu haikushikwa. Jioni ukurasa wa timu ukaweka picha yake na maneno "tunakutakia kila la heri." Miezi mitatu ya mshahara hadi leo hajaiona. Saa hii anaendesha boda, na bado watoto wakimwona wanamwita kwa jina la uwanjani. Anawapungia mkono. Hajawahi kurudi kuangalia mechi ya hiyo timu hata wakicheza hapa karibu.

Nilimuuliza kama ni hizo pesa ndizo zinamkasirisha zaidi. Akasema pesa anazihitaji, zinamkasirisha kila mwisho wa mwezi. Halafu akasema mechi yake ya mwisho alitoka dakika ya 60, kocha akambadilisha, akatoka akitembea huku amevua jezi nusu, amekasirika, hakumpigia mtu makofi. "Ningejua ni ya mwisho," akasema, "singetoka hivyo."

Turudi kwa De Gea, nimalize. Alipata Fiorentina mwishowe, Agosti 2024, na Oktoba hiyo akaokoa penalti mbili za Milan kwenye mechi moja, ile timu yake ikashinda 2-1. Jamaa aliyetuua roho kwa penalti 11! Halafu Agosti 9, 2025 Fiorentina wakaletwa Old Trafford kwa mechi ya kirafiki. Mechi ya maandalizi, ya kupasha misuli, ambayo kwa kawaida hata marudio yake siangalii. Watu wakasimama kumpigia makofi, akazunguka uwanja akiwapungia, macho mekundu.

Kibanda hakikuonyesha hiyo mechi. Anko aliiangalia kwa simu yangu, amekaa kwa kiti cha plastiki nje ya duka, bando langu. Nikamwambia si afadhali ameagwa hatimaye. Akanyamaza kidogo.

"Na jezi ya watu wengine," akasema. Akanirudishia simu.